Synology DS220+ na Jellyfin nyumbani: uzoefu wangu wa kuangalia video bila kula bando

Video zote za nyumbani kwetu zinatoka kwenye kisanduku kimoja cheusi kilicho juu ya kabati la sebuleni: Synology DS220+ yenye diski mbili za TB 4. Ni NAS, yaani hifadhi ya faili inayounganishwa na mtandao wa nyumbani, na inaendesha Jellyfin, programu ya kupanga video na kuzipeleka kwenye TV na simu. Nimeitumia muda wa kutosha kuisifu na kuikosoa kwa haki. Wanaoniuliza habari zake karibu wote huanza na nguvu ya prosesa. Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni faili zako zikoje, la pili ni waya wako umefika wapi.

Nilinunua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bando. Watoto wakiipenda katuni wanairudia mpaka wewe mwenyewe uikariri, na kila ikirudiwa kutoka mtandaoni bando linaliwa upya. NAS ikiwa ndani ya nyumba, video inatoka kwenye diski, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV, basi. Intaneti hata ikikatika kutwa nzima, TV inaendelea. Sababu ya pili, na ndiyo nzito, ni kanda za familia. Baba alituachia mikanda ya VHS na MiniDV, na kabatini kulikuwa na rundo la DVD za harusi, ubatizo na misiba. Joto na unyevu wa Dar es Salaam havina huruma na vitu hivyo. Mikanda ilianza kuota ukungu, na baadhi ya DVD zilikuwa zimeshaanza kukwama katikati.

Mashine yenyewe ilitoka mwaka 2020. Ndani ina Intel Celeron J4025 yenye kori mbili, RAM ya GB 2 ambayo unaweza kuongeza kipande cha GB 4, na matundu mawili ya LAN ya gigabiti moja. Kwa kuhudumia video ndani ya nyumba hiyo inatosha na kubaki. Nimeongeza RAM kwa ajili ya Jellyfin na tofauti niliiona kwenye kufungua maktaba, siyo kwenye kuchezesha video.

Sasa tuje kwenye faili, maana hapa ndipo watu wengi wanapoilaumu mashine bure. Video inaweza kufika kwenye TV kwa njia mbili. Ama TV inaisoma kama ilivyo, na NAS inakuwa imepeleka faili tu, kazi ambayo hata mashine dhaifu inaimudu. Ama TV haiielewi, na NAS inalazimika kuigeuza papo kwa papo wakati wewe unaangalia. Ukifungua dashibodi ya Jellyfin unaona kadi ya kila anayeangalia, na kwenye kadi hiyo imeandikwa kama video inachezwa moja kwa moja au inageuzwa, na kwa sababu gani: kodeki ya video (yaani namna video ilivyobanwa), sauti, au maandishi ya tafsiri. Kabla ya kumwita fundi au kununua ruta mpya, soma kadi hiyo kwanza.

Mfano mzuri ni DVD ya harusi ya dada yangu. Video ya DVD ni MPEG-2, na picha yake imekatwa mistari, nusu ya mistari inakuja kwanza na nusu inafuata. Nilipoiweka kwenye NAS kama ilivyotoka, kila mtu anayesogea alikuwa na kingo kama meno ya kitana, na bibi harusi alipogeuka shela lote lilichanika mistari. Juu ya hapo TV ilitaka igeuziwe, hivyo prosesa ikapanda juu na feni ikaanza kusikika. Niliipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure, kwenye kompyuta: nikachagua kodeki ya H.264, sauti ya AAC, ambazo TV yangu inazielewa, nikawasha kichujio cha kuondoa mistari, nikahifadhi kama MP4. Faili likapungua ukubwa, shela likatulia, na mashine ikawa haina inachofanya zaidi ya kusoma diski. Nimefanya hivyo kwa DVD zote na kwa mikanda yote niliyoihamisha. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini unaifanya mara moja tu.

Sauti nayo ina vituko vyake. Samsung iliacha kusoma DTS, aina ya sauti iliyo kwenye filamu nyingi, kwenye TV zake kuanzia modeli za 2018, LG ikafuata kwenye modeli za 2020 kabla ya kuirudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Kwa hiyo filamu moja inaweza kutoa sauti safi kwa jirani na kwako ikahitaji kugeuzwa. Kugeuza sauti peke yake si mzigo mkubwa. Mzigo ni maandishi ya tafsiri yaliyo katika mfumo wa picha, kama yanayotoka kwenye Blu-ray: TV nyingi haziyawezi, na Jellyfin inabidi iyachome juu ya picha, yaani video nzima igeuzwe kwa ajili ya mistari miwili ya maneno. Tafuta maandishi ya SRT, ambayo ni maneno matupu, na tatizo linaisha.

Kuhusu waya: nyumba zetu za tofali na zege zinaimeza WiFi ya 5 GHz. Chumba kimoja mbele inapita vizuri, ukuta wa pili ishara imeshachoka. Nilimleta fundi apitishe waya wa Cat 6 juu ya dari kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya TV ya sebuleni, na tangu siku hiyo sijaona duara la kusubiri kwenye TV ile. Jambo la kujua ni kwamba tundu la LAN la TV nyingi, hata za bei kubwa, lina kasi ya megabiti 100 kwa sekunde tu. Kwa DVD, ambayo haizidi megabiti 10 hivi, na kwa video za HD za kawaida, hiyo ni barabara pana. Lakini Blu-ray ya 4K iliyonakiliwa bila kubanwa upya inaweza kugusa megabiti 128, na hapo waya wenyewe ndio unakuwa kizuizi. Kama una filamu za namna hiyo, WiFi nzuri iliyo chumba kimoja na TV inaweza kuushinda waya.

Umeme. Usinunue kifaa hiki bila UPS, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika. Diski zinazozunguka hazipendi kuzimwa ghafla, na mtaani kwetu umeme hauagi. UPS yangu imeunganishwa na NAS kwa waya wa USB. Umeme ukikatika kwa muda, NAS inapata taarifa, inafunga kazi zake na kuzima salama yenyewe. Kwa ulaji, Synology inaandika wati 14.69 diski zikiwa kazini. Ukiiacha usiku na mchana mwezi mzima ni chini ya uniti 11. Kuhusu joto, kiwango kilichoandikwa ni hadi nyuzi 40 za chumba, na Januari ya Dar inakaribia huko ukikifungia kabatini. Kiweke palipo wazi, mgongo wake usibanwe na ukuta.

Prosesa inapata heshima yake pale mtu anapoangalia akiwa mbali. Dada yangu huyo yuko Muscat, na anataka kuangalia kanda za nyumbani. Intaneti za simu na nyingi za nyumbani hazikupi anwani ya IP ya peke yako, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta ili mtu aingie kutoka nje hakusaidii. Tulitumia Tailscale, ambayo inaunganisha vifaa vyetu kwa njia iliyofichwa bila kufungua chochote. Kwa kuwa kasi ya kupandisha ni ndogo kuliko ya kushusha, nimemwekea kikomo cha megabiti 3, na hapo J4025 inageuza video kwa kutumia grafiki zake za ndani bila kuhema. Ijumaa moja aliangalia huku yuko kwenye simu na mama, kila mmoja na skrini yake, na mama akawa anamwambia, "Mwanangu, rudisha nyuma kidogo, huyo aliyebeba sinia ni shangazi yako." Sauti ya shangazi hatukuwa nayo popote pengine. Kwangu hapo NAS ilikuwa imeshalipa gharama yake yote.

Kwa nini Jellyfin? Ilizaliwa mwishoni mwa 2018, watu walipoendeleza msimbo wa Emby, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, baada ya Emby kuufunga, na ni bure kabisa. Plex, mshindani wake, ni laini zaidi kwa sura na rahisi zaidi kuanza nayo, lakini tarehe 29 Aprili 2025 kuangalia video zako ukiwa mbali kuliondolewa kwenye huduma ya bure, na leseni ya maisha ikapanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Synology nao waliiondoa Video Station, programu yao ya video, kwa DSM 7.2.2 (toleo la mfumo unaoendesha NAS zao) mwaka 2024. Kumbukumbu za familia sitaki zitegemee uamuzi wa kampuni. Ubaya wa Jellyfin ni kwamba kuiweka kwenye Container Manager, programu ya Synology ya kuendeshea programu za nje, na kuiruhusu itumie grafiki kunahitaji subira, na programu yake ya TV wakati mwingine inasahau ulipoishia.

Neno kuhusu diski: hakikisha ni za aina ya CMR, yaani zinazoandika data kwa mistari isiyopandana. Na diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja si nakala ya akiba. Ukifuta kitu kwenye moja kimefutika kwenye zote mbili, na mwizi anabeba zote kwa mkono mmoja. Nina diski ya tatu ya USB ambayo inajazwa kwa Hyper Backup, programu ya Synology ya nakala za akiba, kisha inarudi kukaa kwa kaka yangu Tanga.

Ningenunua leo, ningetafuta DS224+ kwa sababu J4125 yake ina kori nne. Na kama bajeti ni ndogo, usisubiri. Chukua laptop ya zamani yenye prosesa ya Intel, chomeka diski ya USB, weka Jellyfin, iunganishe na ruta kwa waya. Betri yake ikiwa bado nzima inafanya kazi ya UPS, na kanda zako zinaanza kuokolewa wikiendi hii hii.