Ngoma zangu za kwanza za umeme, hapa Kisumu

Miaka sita napiga ngoma kanisani, lakini mazoezi ya nyumbani nilifanyia kwenye mto wa kochi. Naishi ghorofa ya pili Migosi. Ngoma halisi zingenifukuzisha. Mwezi jana nikapata Alesis Nitro Mesh, seti ya ngoma za umeme yenye pedi za kupigia za wavu, ya mtumba kwa Sh35,000, kutoka kwa kijana aliyekuwa anahamia Nairobi.

Kabla ya hapo, duka moja mjini lilinionyesha seti mpya ya pedi za mpira kwa bei hiyohiyo. Nilipiga dakika tano tu, vifundo vya mikono vikaanza kulalamika. Mpira unakurudishia mshtuko wote. Wavu unadunda kama ngozi, na unaukaza kwa ufunguo wa ngoma za kawaida. Sneya, ile ngoma ya mlio mkali, ni ya inchi 8, ndogo kweli. Wiki ya kwanza nilikuwa nagonga ukingo. Sauti ziko 385, mimi natumia kama nane hivi.

Ukinunua ya mtumba, nenda na hedifoni zako, gusa kila pedi polepole kabla ya kutoa pesa. Pedi iliyochoka husikia kofi, haisikii mguso.

Ila hedifoni hazifichi ngoma ya mguu. Siku ya tatu mama wa chini akabisha: “Kijana wangu, unatwanga mahindi usiku huu?” Nikamwomba radhi, nikatandika kipande cha godoro kuukuu chini ya pedali. Hajarudi.

Kiti hakimo kwenye seti. Bado nakalia kreti ya soda.