Vifaa vya kompyuta vya mtumba ughaibuni: niliyoyaona kwa miaka miwili

Nilipohamia ughaibuni kwa masomo nilikuwa na kompyuta mpakato ya inchi 14, chaja yake na begi la mgongoni, nikaona vinatosha. Kufika wiki ya sita, shingo ilikuwa inauma tangu naamka. Mtu akifunga safari hahesabu monita, kibodi, mausi, spika wala diski ya nje ya kuwekea nakala za kazi. Akienda dukani kuviulizia ndipo anapogundua kwamba bei ya monita moja mpya ni matumizi yake ya wiki kadhaa. Nikaingia kwenye mtumba. Leo, vifaa vipya nilivyowahi kununua ni vitatu tu. Vingine vyote vilikuwa vya watu kabla yangu.

Naandika kwa aliye ugenini, kwa sababu mtumba wa ugenini una ugumu wake. Huna gari. Humjui fundi. Tangazo limeandikwa kwa lugha unayoijua nusunusu. Kifaa kikikufia, muuzaji mwenyewe pengine keshapanda ndege. Na wewe pia siku moja utahama, kwa hiyo unachonunua lazima kiweze kuhama nawe au kiuzike.

Mimi nimepata vingi kupitia Facebook Marketplace, vikundi vya wanafunzi wanaohama, na maduka ya hisani. Msimu mzuri ni mwisho wa mwaka wa masomo: mtu ana siku tatu za kuhama chumba na hawezi kubeba monita ndani ya sanduku, basi anaachia kwa bei chee. Vifaa vya maofisini navipenda pia. Microsoft ilipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zilikuwa zinabadilisha mashine, na kompyuta ikiondoka, monita na kibodi mara nyingi huondoka nayo. Kuhusu lugha, kabla ya kujua maneno ya salamu vizuri nilijifunza maneno matatu ya matangazo: "mbovu", "kwa vipuri" na "haijajaribiwa". Hilo la tatu mimi nalisoma kama la kwanza.

Spika ndizo zilizonifundisha. Zilikuwa mbili pamoja na besi, za mtu aliyehama na vyombo vyake kutoka Marekani. Nilizisikiliza kwake, zikapiga vizuri, tukapatana, nikazibeba kwa basi. Chumbani nikazichomeka kwa adapta ya plagi, na ndani ya sekunde chache ukatoka mlio kama wa kijiti kinachovunjika, kisha harufu ya kitu kilichoungua. Nilipoligeuza boksi la besi nikakuta kibandiko: 120V, 60Hz. Umeme wa ukutani kwangu ulikuwa volti 230. Kule kwake zilikuwa zimechomekwa kwenye transfoma ya kupunguza umeme, nyuma ya kabati. Sikuuliza, naye hakukumbuka kusema. Kibandiko kilikuwepo siku zote, maandishi yake makubwa ya kutosha, na mimi niliangalia bei.

Tangu hapo, picha ya kwanza ninayomwomba muuzaji ni ya kibandiko cha nyuma. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la meno tu. Umeme unapita vilevile ulivyo. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, nchi nyingi za Ulaya na Afrika 230 au karibu yake. Mstari wa umeme unaoingia ukisema 100–240V, 50/60Hz, kifaa hicho kinaishi popote. Chaja nyingi za mpakato na monita nyingi ziko hivyo. Zinazotakiwa kuangaliwa kwa macho mawili ni spika zenye transfoma ndani, printa za leza, na zile UPS za kuhifadhi umeme. Hizo mara nyingi ni za volti za nchi moja tu.

Chaja ina mstari wa pili, wa umeme unaotoka. Volti zilingane na za mashine. Ampea zinaweza kuzidi ila zisipungue. Mpakato wangu ulikuja na chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34, yaani wati 65. Sasa natumia ya mtumba ya volti zilezile na ampea 4.62, wati 90, na mwaka mzima haijanisumbua. Mashine huvuta inachohitaji. Lakini nenda na mashine yako ukajaribu, kwa sababu kuna mpakato zinazoitambua chaja ya kampuni yao kwa kijipini cha katikati. Zikichomekwa chaja ngeni zinawaka vizuri tu, ila betri haijai, na hilo hutaligundua ukiwa umesimama mlangoni kwa mtu dakika mbili.

Monita ndiyo mtumba wenye faida kuliko vyote, na kama una hela ya kitu kimoja, anza nayo. Yangu ni ya inchi 24, ya ofisi, yenye mkwaruzo mdogo pembeni ambao muuzaji alinionyesha mwenyewe. Ninavyojaribu ni hivi: naenda na mpakato wangu na kebo yangu ya HDMI, ile ya kupeleka picha, naifunika skrini nzima kwa rangi moja moja, nyekundu, kijani, buluu, nyeusi, nyeupe. Doti iliyokufa haijifichi mbele ya rangi zote tano. Kisha naiacha iwake robo saa huku tunaongea. Zipo ambazo zikiwa baridi ni nzima, zikipata moto zinaanza kupepesa, na muuzaji mwenye haraka hatapenda uifikie robo saa hiyo. Asiyekubali, naaga kwa heshima.

Usiikimbie monita isiyo na mguu. Ikiwa nyuma ina matundu manne yaliyopishana milimita 100 kwa 100, huo ni mpangilio wa VESA, na mkono wowote wa mezani wa kipimo hicho unaobeba uzito wake utaikaa. Monita yangu ya pili niliipata karibu na bure kwa sababu hiyo. Waya wa umeme nao usikutishe: monita nyingi zina tundu lilelile la meno matatu la kompyuta za mezani, kwa hiyo ukihama nchi unabadilisha waya tu na monita inabaki. Kwa anayevutiwa na 4K, yaani skrini yenye doti nyingi zaidi, aulize tundu la picha ni la toleo gani. HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa mausi unaonekana kama unarukaruka. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, na DisplayPort 1.2, tundu jingine la picha, zinafika 60. Mtu anaweza kuiuza akisema imechoka, kumbe shida ni tundu la mashine yake.

Nami nilikaribia kuirudisha monita nzima kwa kosa la namna hiyo. Ilikuwa na tundu la USB-C, nikaunganisha kwa kebo niliyokuwa nachajia simu, skrini ikabaki nyeusi. Nilimwandikia muuzaji ujumbe mkali, na baadaye ikabidi nimwandikie mwingine wa kuomba radhi. Kebo za USB-C zina ncha za umbo moja lakini uwezo tofauti. Nyingi za kuchajia hupeleka data kwa kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, na hazina nyaya za kupitisha picha. Hata tundu la mpakato lenyewe linaweza kuwa la data na chaji pekee. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, na za mtumba zimeshapoteza boksi lililokuwa na maelezo. Ndiyo maana kebo ya USB-C ni kitu cha kwanza kati ya vile vitatu nilivyonunua vipya.

Kibodi ilinifurahisha. Katika nchi zinazotumia mpangilio wa herufi wa QWERTZ, Y na Z zimebadilishana nafasi, na aliyezoea QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, akiandika bila kuangalia vidole, "yeye" inatoka "zeze". Kwenye AZERTY ya Wafaransa ndiyo kabisa: "mama" inakuwa ",q,q". Wengi huikataa kibodi kwa sababu hiyo, bila kujua kwamba kibodi hupeleka nafasi ya kitufe tu. Herufi inaamuliwa na kompyuta. Ukichagua QWERTY kwenye mipangilio, vitufe vitatii, hata kama maandishi ya juu yanasema vingine. Kama huandiki bila kuangalia, vibandiko vya herufi vipo. Na kinyume chake ni fursa: katika nchi hizo, kibodi ya QWERTY iliyoachwa na mgeni mwenzako haina wanunuzi wengi, na bei yake inaonyesha.

Mausi isiyo na waya uulizie kijipokezi chake, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, kabla ya jambo lolote. Kikipotea, nyingi ni za kutupa, isipokuwa zenye Bluetooth, au zile za Logitech zenye alama ya Unifying, ambazo zinaunganishika na kijipokezi kingine cha alama hiyohiyo.

Diski nilisita nayo sana. Diski ya nje inaweza kuonekana mpya na huku iko ukingoni, lakini yenyewe hutunza kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inazisoma kwa dakika moja. Naangalia saa ilizowashwa, na idadi ya sekta, yaani vipande vya diski vya kuwekea data, zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa kwa kuwa zimeharibika. Nilionyeshwa moja "iliyotumika kidogo" ikiwa na saa 26,000. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ilikuwa imewaka kiasi cha miaka mitatu mfululizo. Niliyoinunua ilikuwa na saa zisizofika 1,000 na sekta zote salama.

Ilikuwa pia na picha. Folda nzima za familia, harusi, mtoto mchanga. Nilizifunga nikamwandikia yule dada aliyeniuzia, akanijibu usiku uleule kwamba hakuwa na nakala nyingine na alidhani zilipotea na simu ya zamani. Nilimpelekea zote kwenye flashi, kisha nikaifuta diski kwa kuiandika upya yote. Kuifomati kwa haraka hakutoshi. Data hubaki pale na mtu anaweza kuifufua. Naomba sana, ukiuza diski ughaibuni ambako humjui anayekuja kuichukua, usiruke hatua hiyo.

Flashi hiyo ilikuwa mpya, na ni ya pili kati ya vile vitatu. Flashi za mtumba nimeziacha kabisa, kwa kuwa ziko nyingi zilizodanganywa ukubwa: kompyuta inaona terabaiti 1, kumbe ndani ni GB 32, na mafaili yako yanaharibika kimyakimya. Hata mpya naipima kwa programu ya H2testw, inayoandika mpaka flashi ijae kisha ikasoma tena kilichoandikwa. Cha tatu ni betri ya mpakato. Lithiamu inazeeka hata ikikaa kabatini, na betri iliyovimba ni hatari ya moto. Ya akiba, ukisafiri, huwa kwenye begi la mkononi, na kiwango cha kawaida cha ndege bila ruhusa maalumu ni wati-saa 100.

Sijawahi kutuma amana. Nalipa baada ya kujaribu, na muuzaji nakutana naye maktaba, kwa sababu kuna soketi, watu na mwanga.

Mwezi ujao nahama tena, na monita ya inchi 24 nimeshaiuza. Kwenye tangazo niliweka picha ya mkwaruzo na picha ya kibandiko. Aliyekuja ni mwanafunzi wa wiki ya tatu nchini, amebeba mpakato na kebo yake. Aliigeuza monita akasoma nyuma, ndipo akaomba soketi. Tuliiacha iwake robo saa.