Dawa za kutu kwa pikapu kuukuu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, ingia chini ya gari ukiwa na bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, sakafuni chini ya kapeti, na kwenye chasisi pale juu ya ekseli ya nyuma, ambako udongo mwekundu hujibana na kushikilia unyevu. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa mlio butu, na bisibisi huzama. Usidanganywe na kipele kidogo: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo rangi inapovimba nje, mara nyingi ndani kumeshaharibika zaidi.

Dawa tunazozipanga hapa ni za bati ambalo bado lipo. Palipotoboka panahitaji bati jingine.

Kama pikapu imebeba samaki na barafu kutoka mialo ya Ggaba au Masese kwenye Ziwa Victoria, au chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese, Uganda, ioshe kwanza kwa maji safi mengi, chini na ndani ya chasisi, kisha iache ikauke kabisa juani. Fanya vivyo hivyo kwa gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, maana huko barabara humwagiwa chumvi. Chumvi ikibaki kwenye vishimo vya chuma huvuta maji kupitia rangi, na vipele hurudi hata kama rangi ni ya bei kali.

Ya kwanza: praima ya epoksi ya makopo mawili

Praima ni rangi ya kwanza inayoshika chuma chini ya rangi ya juu. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hii, hata kama rangi ya juu itasubiri mwezi ujao. Epoksi hushika chuma barabara na hupitisha unyevu kidogo sana. Shida yake ni kwamba haisamehi uvivu. Anza na brashi ya waya kwenye grinda, lakini usiishie hapo, kwani waya huweza kuisugua kutu mpaka ing'ae nawe ukadhani ni chuma. Fuata na msasa namba 80 hadi uone chuma cheupe, kisha namba 120, ukienda sentimita 5 kuingia kwenye rangi nzima. Usiikandamize grinda mahali pamoja. Bati jembamba hupata moto na kujikunja.

Futa kwa thina ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine cha kukausha kabla thina haijaruka. Piga epoksi siku hiyo hiyo. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, chuma kilicholala wazi usiku mmoja huamka na utando wa rangi ya machungwa. Kipimo cha hadina, yaani kopo la pili la kukaushia, hutofautiana kwa kila kiwanda: soma kopo, pima kwa kikombe chenye alama, usikisie. Hadina pungufu huacha rangi laini isiyokauka. Changanya kiasi utakachomaliza, kwa sababu joto huigandisha haraka. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili.

Ya pili: asidi ya fosfori

Hii ni ya vishimo ambavyo msasa haufiki. Ondoa magamba kwanza, paka, iache ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, sugua kwa brashi, suuza kwa maji na ukaushe papo hapo. Vaa glavu na miwani. Mabaki yake ni adui wa epoksi: yasiposuuzwa, praima hubanduka vipande vipande.

Ya tatu: kigeuza kutu chenye tanini

Hugeuza kutu kuwa tabaka jeusi. Inafaa kwa chasisi na pembe zisizofikiwa na grinda. Inahitaji kutu iliyoshika imara. Kwenye chuma kitupu haina kazi, na kwenye magamba mazito hugeuza juu tu huku chini kukiendelea kuliwa.

Ya nne: redi oksaidi ya kawaida

Hii ni praima nyekundu ya kopo moja. Ni rahisi kupata na inatosha kwa chasisi ukiifunika kwa rangi nyingine. Usiiweke chini ya rangi ya bodi inayochanganywa na thina kali, kwani hukunjamana.

Lami ya chini ya gari huja baada ya praima tu. Ikipakwa juu ya kutu huficha maji, na kutu huendelea bila kuonekana. Asidi ya betri iache kabisa. Oili chafu nayo haikauki, hudondoka, huharibu raba, na huzuia rangi kushika siku utakapotaka kutengeneza vizuri.

Palipotoboka

Kata hadi kwenye bati zima, kisha chomelea kipande cha geji 20 kwa bodi. Tenganisha betri kwanza. Kataa bati la kuezekea: ni jembamba mno, na moshi wa zinki humwumiza mchomeleaji. Fila, ule udongo wa kuziba bodi, ni ya kusawazisha mikwaruzo na mabonde madogo, milimita 2 au 3. Ikijazwa kwenye tundu hunyonya maji kwa nyuma na kudondoka. Chasisi iliyotoboka ni kazi ya fundi mwenye uzoefu wa chasisi, kwa chuma kinene kama cha awali.

Mlango uliooza upande mzima wa chini, mara nyingi ni nafuu kuubadilisha na mwingine uliotumika kutoka kwa wauza vipuri wa Kiseka au Ndeeba, Kampala. Nenda na sumaku ndogo: ikikataa kushika, hapo pana fila. Ukishaufunga kwenye gari, mwagia nta ndani ya mlango, kisha zibua kwa waya matundu ya chini ya kutolea maji.