Fimbo za Chuma za Gofu: Nani Amelipata Jina Lake kwa Haki

Mnunuzi wa fimbo za chuma za gofu (irons), zile za mapigo ya kuukaribia shimo, hukutana kwanza na picha ya bingwa, na kwa kawaida picha hiyo imelipiwa. Mchezaji mwenye mkataba hupewa fedha ili atumie vifaa vya kampuni fulani, kwa hiyo mkoba wake hueleza habari za mkataba kuliko habari za chuma. Ushahidi wenye uzito hutoka kwa mchezaji asiyefungwa na yeyote, ambaye riziki yake inategemea mahali mpira utakapoangukia. Nimewapanga watengenezaji wafuatao kwa kipimo hicho, huku nikimfikiria mnunuzi wa kawaida, ambaye mara nyingi haugongi mpira kwa kitovu cha fimbo.

Wa kwanza ni PING. Mwanzilishi wake, Karsten Solheim, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya vifaa vya umeme ya General Electric, alianza mwaka 1959 na fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo uzito wake aliugawa kwenye ncha mbili za kichwa ili kisigeuke sana mpira unapogongwa pembeni. Mwaka 1966 alitoa fimbo ya aina hiyo iitwayo Anser, na mwaka uliofuata mchezaji wa kulipwa Julius Boros akashinda nayo mashindano ya Phoenix. Baadaye wazo hilohilo aliliingiza katika fimbo za chuma, na hadi leo ndilo linalompunguzia mchezaji wa kawaida adhabu ya pigo baya. Kampuni hiyo pia hutumia nukta za rangi kuonyesha pembe ya kichwa dhidi ya ardhi, hivyo mtu mrefu na mtu mfupi hawauziwi fimbo ileile. Mchezaji wa kulipwa anayeshinda kwa fimbo yake ya kusukumia hutengenezewa nakala ya rangi ya dhahabu. Ni majigambo, lakini angalau yana ushindi nyuma yake.

Mizuno ni ya pili, ingawa kwa ushahidi pekee ningeiweka mbele. Nike ilipoacha kutengeneza vifaa vya gofu mwaka 2016, mchezaji wa kulipwa Brooks Koepka alibaki huru kuchagua. Alichagua fimbo za Mizuno JPX-900 Tour bila mkataba wa kuzitumia, akashinda nazo U.S. Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya mwaka 2017 na ya 2018. Kichwa cha fimbo hizo kilifuliwa Hiroshima, yaani kilipondwa hadi kikapata umbo, kutoka kipande kimoja cha chuma laini, na wanaozipenda husifu namna pigo safi linavyohisika mikononi. Hapa mnunuzi awe macho: katika familia hiyohiyo ya JPX-900 kulikuwa na Hot Metal, ambayo chuma chake kiliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Anayesema ananunua “fimbo za Koepka” huenda anachukua kifaa kingine kabisa, na kwa mchezaji wa kawaida hilo si hasara, kwa sababu Hot Metal ilikuwa na huruma zaidi kwa makosa.

Titleist inafuata. Jina lake kwa wachezaji wa kulipwa limejengwa zaidi na mipira yake, pamoja na fimbo fupi za Bob Vokey, mtu aliyechonga nyayo za fimbo, yaani upande wa chini wa kichwa, kulingana na mahitaji ya wachezaji wenyewe. Fimbo zake za chuma wanazozipenda mabingwa zinadai ustadi.

TaylorMade na Callaway nimeziweka mwisho pamoja. Ya kwanza ilipata jina kwa kichwa cha chuma badala ya mti mwaka 1979, ya pili kwa Big Bertha mwaka 1991, zote zikiwa fimbo za kupigia mbali. Fimbo zao za chuma si mbaya, ila mikataba yao ni mingi kiasi kwamba ni vigumu kujua nani angezichagua bila malipo.

Anayenunua fimbo zilizotumika azingatie jambo moja zaidi: chuma laini kilichofuliwa hukunjika kwa urahisi kinaporekebishwa pembe kuliko kilichomiminwa, kwa hiyo seti ya Mizuno iliyofuliwa, iliyokuwa ya mtu mwingine, ina nafasi nzuri ya kurekebishwa imfae mwenye nayo mpya.