Saa Kumi na Mbili ya Nani? Uzoefu Wangu na Habari za Mchezo wa Midundo kwa Kiswahili

Nianze na sifa, nisije nikadhaniwa nina chuki ya tangu hapo. Mchezo wenyewe ni mzuri. Jina lake nitalificha kwa sababu bado nina akaunti humo na sitaki ifungwe, lakini ni mmoja wa ile michezo ya midundo inayochezwa mtandaoni, ambamo wimbo unapigwa, vitufe vinashuka kwenye kioo cha simu, nawe unavigonga sawasawa na mdundo huku watu wa nchi nyingine wakishindana nawe. Ni mzuri kiasi cha kumfanya mtu wa umri wangu, ambaye kutwa hukagua hati za mizigo bandarini, akae barazani Kibokoni, hapa Mombasa, baada ya kazi akigonga simu kwa vidole viwili na kutikisa kichwa, majirani wakimpita na salamu za wasiwasi. Malalamiko yangu ni juu ya habari zake, yaani zile taarifa zinazotumwa ndani ya programu kila panapotoka toleo jipya, nyimbo mpya au mashindano, ambazo miezi kadhaa iliyopita zilianza kuletwa kwa Kiswahili.

Siku Kiswahili kilipoingia nilifurahi kupita kiasi. Nilifungua mipangilio, nikabadilisha lugha papo hapo, nikampigia simu mpwa wangu aliye kidato cha pili nimwambie naye abadilishe. Baada ya dakika mbili akanipigia yeye: "Mjomba, hiki ni Kiswahili cha wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana kichwa cha habari ya kwanza kilisema "Noti za Kiraka". Mimi nilidhani ni noti za muziki, yeye akadhani ni pesa za kununulia nyimbo, kumbe ilikuwa orodha ya marekebisho ya toleo jipya. Chini yake tuliarifiwa kwamba "seva zitakuwa chini", na kwamba "piga limerekebishwa", na hadi leo sijui ni kitu gani kilichorekebishwa. Tulicheka, nikawasamehe. Mgeni akijaribu lugha yako humcheki sana, asije akanyamaza kabisa.

Kisha ikaja habari ya mashindano. Palikuwa na mchujo wa kanda yetu, timu za watu watatu watatu, nyimbo tatu zilizokwisha kutangazwa, na mlango ungefunguliwa kwa saa moja tu. Wimbo wa tatu ulikuwa na mdundo wa sita kwa nane, ambao wachezaji wengi waliulalamikia kwamba unawapotosha vidole, lakini mtu aliyekulia kwenye harusi za Pwani huujua mdundo huo kwa kiuno kabla hajaujua kwa masikio, maana ndio mwendo wa chakacha. Mpwa wangu aliufanyia mazoezi kama wiki tatu hivi, hadi akawa anaumaliza bila kukosa kitufe hata kimoja, na mara mbili nilimshuhudia akiupiga huku ameangalia pembeni. Timu ilikuwa mimi, yeye, na rafiki yake wa Majengo ambaye ana kasi kuliko sisi sote lakini hana subira.

Habari yenyewe, kwa Kiswahili chao, ilisema hivi: "Mchujo utafunguliwa Jumamosi saa 12:00 mchana."

Naomba msomaji aisome tena. Saa kumi na mbili mchana ni wakati ambao haupo. Ipo saa kumi na mbili asubuhi na ipo saa kumi na mbili jioni, na tangu nizaliwe mjini hapa sijaonyeshwa nyingine. Tuliijadili barazani, watatu sisi na kahawa katikati. Mpwa wangu akasema huenda wamehesabu saa kama zinavyohesabiwa kwa Kiingereza, na maana yake ni saa sita adhuhuri. Nikamjibu, na hili naliandika kwa uchungu, kwamba habari imeandikwa kwa Kiswahili na itasomwa kwa Kiswahili, kwamba asubuhi haiwezekani kuitwa mchana, basi ni jioni, na hilo neno "mchana" ni kosa dogo la mtu aliyejifunzia lugha ukubwani. Hata nikanung'unika kwamba wametuwekea mchujo karibu na magharibi. Tukapanga tucheze nyimbo zetu tatu upesi, kisha twende tukasali.

Jumamosi hiyo mambo yote yalikwenda sawa, na hilo ndilo linaloniuma. Umeme haukukatika. Bando lilikuwa jipya. Rafiki wa Majengo, ambaye kwa kawaida huchelewa hata kwenye chakula, alifika saa kumi na moja na robo na viazi karai vikiwa bado vya moto, nikawakataza kuvigusa ili vidole visiteleze. Ilipotimu saa kumi na mbili kamili tukabonyeza pamoja, na programu ikatuandikia neno moja: "Umefungwa." Chini ya neno hilo palikuwa na orodha ya timu zilizopita, imeshapangwa, imeshatiwa nyota. Mpwa wangu hakusema kitu. Aliuzungusha waya wa hedifoni kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena, kisha akavisogeza viazi upande wangu. Mimi nikarudisha lugha ya Kiingereza, nikakuta habari ile ile imeandikwa saa sita adhuhuri kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwetu sisi mchujo ulifunguliwa saa tisa alasiri na kufungwa saa kumi, tukiwa nyumbani tunachaji simu. Hizo herufi tatu za UTC katika Kiswahili hazikuwepo. Aliyetafsiri, mtu au mashine, aliziona hazina kazi.

Sasa fikirieni ni nani anayekosea hapa kwa saa tatu. Huu ni mchezo unaonihukumu kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Katika viwango vyake vigumu, ukigonga kitufe nje ya milisekunde kama ishirini za mdundo hupewi alama kamili, na milisekunde ishirini ni muda mdogo ambao sauti ya adhana hewani husafiri mita saba tu hivi, yaani haijafika hata ng'ambo ya njia. Ukivaa hedifoni zisizo na waya sauti inachelewa, nawe unaadhibiwa. Mimi nimeshapoteza nyimbo nzima kwa kuchelewa namna hiyo, nikaambiwa kwa herufi nyekundu kwamba sikuwahi. Mpwa wangu, ambaye hasira zake hutoka kwa njia ya hesabu, alinionyesha simu yake usiku ule: saa tatu ni milisekunde milioni kumi na laki nane.

Nilipoandika kwa huduma ya wachezaji nilikuwa bado na adabu. Niliwaeleza kwa urefu, pengine kwa urefu uliozidi, kwamba Mombasa iko takriban digrii nne kusini mwa ikweta, kwamba jua letu huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na kwamba kwa sababu hiyo wazee wetu hawakuona haja ya kuanza kuhesabu saa usiku wa manane watu wakiwa wamelala, bali walianza pale watu wanapoamka, na hivyo ndivyo wasemaji wa lugha hii wanavyotaja saa hadi leo. Sikudai turudishiwe mchujo. Niliomba mambo mawili: habari zitaje ni saa za wapi, na mtu anayekijua Kiswahili azipitie kabla hazijatumwa, na nikaongeza kwamba niko tayari kuifanya kazi hiyo mwenyewe bila malipo, jioni, nikishatoka kazini.

Jibu lilikuja baada ya siku nne au tano. Lilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilinisalimu. Ya pili ilisema muda ulionyeshwa kwa usahihi. Ya tatu ni hii, nainukuu kama ilivyo: "Tunapendekeza utumie lugha ya Kiingereza kwa uzoefu bora."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu. Wangeniambia samahani kwa uongo ningeridhika. Wangeninyamazia ningesema wana kazi nyingi. Lakini kumletea mtu lugha yake nyumbani kwake, ukaiharibu mbele ya watoto wake, naye akikuonyesha ulipoharibu ukamwambia aiache, hilo sina jina lake. Nani aliyewaomba? Tulikuwa tukicheza kwa Kiingereza miaka yote, na saa tulikuwa tukizigeuza wenyewe kichwani kama tunavyozigeuza za ndege na za mpira. Usiku huo niliwapa nyota moja, na kama pangekuwa na nusu ningewapa nusu.

Nikiwa na haki, lakini, lazima niseme kwamba toleo lenyewe lililotangazwa na habari hiyo mbovu ndilo bora kuliko yote niliyowahi kupakua. Wamebadilisha namna ya kusawazisha sauti na kioo: unagonga pamoja na mdundo mara kadhaa, programu inajipimia simu yako inachelewesha sauti kiasi gani, kisha inarekebisha yenyewe. Simu yangu ni ya bei nafuu na zamani ilinifanya nijione nimezeeka mikono. Sasa vidole vyangu na ngoma vinakutana. Wiki iliyofuata nilipata kwa mara ya kwanza wimbo mzima bila kosa, nikasimama barazani peke yangu. Nikapandisha nyota zikawa tatu.

Kisha nikakumbuka osu!, mchezo mwingine wa midundo, nikazishusha tena. Mchezo huo, uliotolewa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, nilikuwa nikiucheza kwenye saiba moja pale Mwembe Tayari, na ramani zake za midundo, yaani mpangilio wa vitufe wa kila wimbo, hutengenezwa na wachezaji wenyewe. Ratiba za kombe lake la dunia hutaja UTC waziwazi, na kurasa zake za maelezo hutafsiriwa na wachezaji wanaojitolea, watu wanaojua kitufe ni nini na wanaoijua lugha wanayoiandika. Kwa hiyo jambo nililoomba linafanyika kwingine, na wanaolifanya ni watu kama mimi, bila malipo, jioni.

Kuna jambo moja nimelizungukia tangu mwanzo, na mpwa wangu akisoma haya atajua nimelikwepa. Yeye alisema saa sita. Tungemsikiliza tungefika mapema kwa saa tatu, tukaukuta mlango umefungwa, tukasubiri, tukacheza. Nilimnyamazisha mimi, kwa fahari ya lugha, nikiwatetea watu ambao hata hawakuisoma habari yao wenyewe. Hasira zangu kwa yule mwenye sentensi tatu zina kitu hicho ndani yake. Hazipungui kwa sababu hiyo. Nadhani zinazidi.

Yeye mwenyewe hajalisema hata mara moja. Alichofanya ni kukaa na kalamu, akaja na kanuni ambayo nawapa bure wote mnaocheza kwa Kiswahili hapa Kenya, na Tanzania pia kwa kuwa saa zetu ni moja: saa yoyote wanayoiandika, toa tatu, kisha isome kwa Kiswahili kama kawaida yako. Wakiandika 12, ni saa tisa. Wakiandika 9, ni saa sita. Maneno ya asubuhi, mchana na usiku yaangalieni kwa tahadhari.

Juzi imekuja habari nyingine. Kuna mchujo wa pili kwa timu zilizokosa ule wa kwanza, kwa hiyo si sisi peke yetu tuliokosa, na umeandikwa kwa Kiswahili: "Jumapili saa 3:00 asubuhi." Tumetoa tatu, tukapata sifuri, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Nyota nimeziacha mbili kwa sasa. Mpwa wangu atalala kwangu Jumamosi, rafiki wa Majengo ameambiwa saa kumi na moja alfajiri ili afike saa kumi na mbili kasorobo, na safari hii viazi vitaliwa baadaye.