Alimpokonya mwanangu mwanasesere ili apate picha

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikitafuta namna ya kuliandika kwa upole. Sijaipata.

Nilimfuata mpiga picha huyu kwa sababu ya kazi zake: nyuso za watoto wadogo zimejaa fremu nzima, bila maua wala mabawa ya malaika. Nilitaka picha ya binti yangu kabla hajatimiza miaka mitatu, umri huu ambao furaha na hasira humpanda usoni kabla hajapata maneno ya kuzisema.

Mwanzoni sina lawama. Alizima flashi, akamkalisha karibu na dirisha, akalala kifudifudi ili kamera iwe usawa wa macho yake. Alitumia lenzi ya milimita 85, kwa hiyo hakumsogelea mtoto hadi kumtisha. Wala hakumwambia "cheka", na hapo alinikosha kabisa. Mtoto akilazimishwa kucheka hutoa meno tu, macho hayamo. Tabibu Mfaransa Duchenne alishaeleza tangu 1862 kwamba msuli unaozunguka jicho hautii amri, huitikia furaha ya kweli.

Kisha, bila kuniuliza, akanyoosha mkono akamchukua mwanasesere wake. Ni wa kitambaa, sikio moja limetafunwa hadi limebaki nyuzi. Mwanangu halali bila yeye. Akamficha mgongoni. Mtoto hakulia papo hapo. Aliangalia mikono yake mitupu, akamwangalia yule mtu, halafu akainua macho kunitazama mimi niliyesimama kando ya dirisha. Kidevu kikaanza kutetemeka. Kamera ikawa inabofya mfululizo.

"Kaka, mrudishie."

"Subiri kidogo mama, ndiyo kwanza yanakuja."

Yanakuja, yaani machozi! Nilimzunguka nikamchukua mwanasesere mwenyewe. Hakuomba radhi. Alinieleza kwamba hata mpiga picha Jill Greenberg wa Marekani aliwapa watoto peremende kisha akawanyang'anya ili walie. Najua. Najua pia kwamba picha hizo zilipooneshwa mwaka 2006 watu wengi walikasirika, na sasa nawaelewa. Hisia za mtoto zipo tele, ukikaa naye saa moja utaziona zote. Mwenye subira huzingoja. Huyu alizichokoza.

Kwa hiyo msiende kwake. Hilo ndilo nililokusudia kuandika.

Lakini picha zilikuja, na ile ya machozi imo. Jicho la karibu limekolea hata kope zinahesabika, ilhali sikio limeshayeyuka kwenye ukungu. Chozi limejaa ukingoni, halijadondoka. Sijawahi kuona uso wa mwanangu ukisema kitu waziwazi namna ile, na nimeirudia kuitazama mara nyingi kuliko zote za kicheko. Fundi ni fundi, siwezi kumnyima. Pengine mnaweza kwenda, mradi mkubaliane mapema kwamba hagusi kitu cha mtoto.

Hapana, nimeikuza picha tena sasa hivi. Ndani ya mboni kuna mraba mweupe wa dirisha, na kando yake kivuli chembamba kimesimama wima. Ni mimi. Mwanangu alikuwa ananingoja, nami sijapiga hata hatua. Msiende.

Jana binti yangu aliiona kwenye simu. Aligusa kioo, akaniuliza mwanasesere yuko wapi.