Uzoefu wangu: John Gielgud kwenye diski, na namna ya kuipata sauti yake

John Gielgud, mwigizaji wa Uingereza, ni wa kusikilizwa kwanza, kutazamwa baadaye. Kwa hiyo nakala mbovu ya filamu yake inakupotezea mengi kuliko nakala mbovu ya filamu ya ngumi. Mwigizaji mwenzake Alec Guinness aliifananisha sauti yake na tarumbeta ya fedha iliyofungwa kwenye hariri, na zipo diski zinazoigeuza tarumbeta hiyo filimbi.

Ya kununua kabla ya zote ni Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa filamu na studio ya MGM ya Marekani mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Joseph L. Mankiewicz. Wengi huitafuta kwa ajili ya Marlon Brando, anayecheza Antony. Gielgud ni Cassius, mmoja wa wanaopanga kumuua Caesar, nafasi aliyokwisha kuicheza jukwaani Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, mwaka 1950, kwa hiyo alifika mbele ya kamera ikiwa imeiva. Nenda moja kwa moja sehemu ya kwanza, onyesho la pili, anapomvuta Brutus pembeni na kumsimulia jinsi Caesar alivyotaka kuzama mtoni Tiber akaomba kuokolewa. Sikiliza pumzi. Sentensi ndefu inabebwa hadi neno la mwisho bila kudondoka, halafu majina mawili, Brutus na Caesar, yanawekwa kwenye mizani kama mfanyabiashara anayepima dhahabu. James Mason, aliye Brutus, anajibu kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua kipaza sauti kiko karibu. Brando naye ana nguvu ya kifua. Skuli tatu za uigizaji ndani ya filamu moja, na Gielgud ndiye aliyemrekodia Brando baadhi ya mistari ili aisikilize.

Sasa diski yenyewe. Filamu ya sinema hukimbia picha 24 kwa sekunde. Diski za mfumo wa PAL, zile za Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, huikimbiza kwa 25. Asilimia 4 unaweza kuidharau, lakini dakika 121 zinashuka hadi kama 116, na mtengenezaji asiporekebisha sauti, inapanda karibu nusu toni. Kwenye filamu ya bunduki hutagundua. Kwa Gielgud, ambaye tayari anaongea haraka na sauti yake iko juu, Cassius anaanza kusikika kama mtu anayetafuta choo. Usiuamini muda ulioandikwa nyuma ya kasha, maana mara nyingi ni ule wa sinema. Tia diski kwenye deki uangalie jumla ya dakika inayoonyeshwa.

Diski za NTSC, mfumo wa Marekani, zinaitunza sauti. Ubaya wake ni kwamba kamera ikigeuka polepole utaona picha inakwamakwama kidogo, kwa sababu picha 24 zinalazimishwa kuingia kwenye mfumo wa 30 kwa kurudia baadhi yake. Mimi nachagua kukwamakwama. Kumbuka tu kuwa diski hufungiwa ukanda wake wa dunia: ya Marekani ni ya ukanda namba 1, na Afrika Mashariki tuko ukanda namba 5. Deki nyingi za bei ya chini hazijali ukanda. Zile za gharama ndizo zinazokukatalia.

Kama ulishanunua ya PAL, usiitupe. Ifungue kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, ingia kwenye mipangilio ya sauti, toa tiki kwenye kipengele kinachoizuia sauti isibadilike pale kasi inapobadilishwa, kisha shusha kasi hadi 0.96. Ukisahau kutoa tiki, filamu itakwenda taratibu lakini sauti itabaki kule kule juu, nawe utasema njia haifanyi kazi.

Kwenye TV, weka umbo la 4:3. Filamu hii karibu ni ya mraba, na runinga ikiachiwa itaivuta kwa upana mpaka Cassius, ambaye Caesar mwenyewe anamwogopa kwa wembamba wake, awe na mashavu. Zima pia mapambo yote ya sauti ya sinema: yanaongeza mwangwi unaokula konsonanti.

Usitegemee kupata maandishi ya Kiswahili. Washa ya Kiingereza, ukae na Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, toleo la 1969, pembeni. Ila usifuate mstari kwa mstari, kwani Mankiewicz alikata. Lile onyesho la Cinna mshairi anayeuawa kwa kufanana jina na mtu mwingine, kwa mfano, halimo, na ukilisubiri utapotea.

Ukitaka pacha wake, chukua Julius Caesar ya 1970 ya Stuart Burge, yenye rangi. Aliyeshika jambia miaka 17 nyuma safari hii ndiye anayechomwa: Gielgud ni Caesar. Charlton Heston anamudu Antony, lakini Jason Robards anamsoma Brutus kama tangazo la kukatika maji. Tazama hadi Caesar auawe, kisha amua mwenyewe kama unaendelea.

Gielgud wa ujanani karibu hayupo kwenye diski. Alizaliwa London tarehe 14 Aprili 1904, na Hamlet wake wa jukwaani wa 1934, aliyechezwa mara 155, haipo filamu yake. Kinachopatikana ni Secret Agent ya Hitchcock, 1936: mchana alikuwa mbele ya kamera, usiku jukwaani kwenye Romeo and Juliet, na uchovu unaonekana. Ni kwa wakusanyaji.

Arthur ya 1981 ndiyo iliyompa Oscar akiwa na miaka 77. Ni mtumishi anayetukana kwa lafudhi ya ikulu. Hii hata nakala ya kawaida inatosha, maana utani wake unategemea uso mkavu. Prospero's Books ya 1991 ni kinyume: anasema karibu sauti za wahusika wote peke yake, lakini picha zimepandana tabaka juu ya tabaka, na kwenye diski ya DVD zinageuka uji. Tafuta blu-ray na kioo kikubwa. Tena uchi umejaa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo si ya kuwasha sebuleni watoto wakiwa macho.

Asiyetaka picha kabisa achukue Ages of Man, rekodi ya vipande vya Shakespeare anavyovisema peke yake. Sikiliza kwa hedifoni, vipande vitatu kwa siku. Ukimaliza yote kwa mkupuo, muziki wake unakinaisha kama halua bila kahawa.

Ya mwisho ni fupi, Catastrophe ya mwandishi wa tamthilia Samuel Beckett, ndani ya mkusanyiko wa Beckett on Film wenye michezo 19. Iliongozwa na David Mamet mwaka 2000, mwaka ambao Gielgud alifariki, tarehe 21 Mei, akiwa na miaka 96. Anasimama juu ya kizimba, wengine wanampanga mikono na kichwa, yeye hasemi neno hata moja. Hii nunua hata ya PAL.